Shahada ya sheria, deni la Bodi na mwaka wa mafunzo ya vitendo

Mwenzetu wa Muheza ameuliza kama mdogo wake, aliyemaliza shahada ya sheria akiwa na deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, aende moja kwa moja Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, anakopitia mhitimu wa sheria anayetaka kuwa wakili, au atafute kazi kwanza. Nimepita njia hiyo nikitokea hapa Tanga mjini, na ushauri wangu ni kwamba atangulize kazi, hata ikiwa ya ukarani.

Deni la Bodi lisimtie hofu kupita kiasi. Kwa aliyeajiriwa makato ni asilimia 15 ya mshahara, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilikuza deni kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Linaloelemea ni deni la pili, la kujikimu Dar es Salaam wakati wa mafunzo: ada, kodi ya chumba, nauli, suti nyeusi. Kwetu wazee waliuza machungwa yakiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, kisha shangazi akachukua mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ambao haungoji mtu aajiriwe ndipo uanze kudaiwa.

Tena fedha hiyo haina uhakika wa kurudi. Katika matokeo ya Taasisi yaliyozua mjadala mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, hata Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, waziri wa zamani wa sheria. Anayerudia mtihani hurudia na kodi ya chumba, jambo ambalo chuoni hakuna aliyetuambia.

Simwambii aiache Taasisi, maana bila hiyo hatakuwa wakili wala hakimu mkazi. Aingie kwanza ofisi ya wakili hapa Tanga, aandae hati za viapo, apeleke nyaraka masjala ya Mahakama Kuu na Baraza la Ardhi na Nyumba. Malipo ni duni, pengine nauli tu. Lakini nilipofika darasani, hati ya madai ilikuwa kazi niliyoizoea, ilhali wenzangu wengi waliotoka chuoni moja kwa moja walikuwa hawajawahi kuiandaa. Ofisi zikiwa zimejaa, ajaribu kwa mawakala wa forodha bandarini, au nafasi za utendaji wa kata zinapotangazwa.

Wakati huo aweke akiba ya ada, na aombe mkopo wa Bodi kwa ajili ya mafunzo hayo, kwa kuwa siku hizi maombi yake hupokelewa. Akikosa, ni afadhali asubiri mwaka mwingine kuliko ndugu yeyote kuweka nyumba rehani kwa ajili yake.