Fidia ya kujeruhiwa: iombeni kabla hakimu hajasoma adhabu

Dada, pole sana kwa mdogo wako. Umeuliza kama aliyepigwa nondo usoni anaweza kulipwa fidia ilhali kesi tayari iko mahakamani. Anaweza, ila msipoiomba msitegemee wengine wawakumbuke.

Mwaka 2018 jirani alinikata panga mkono wa kushoto, ugomvi wa mpaka wa kiwanja. PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ilichukuliwa usiku uleule, nikashonwa kano za vidole viwili. Mimi ni seremala. Miezi mitano sikushika randa.

Nilidhani kesi ni yangu. Kumbe ya jinai ni ya Jamhuri, yaani serikali, mimi shahidi tu. Mwendesha mashtaka kazi yake kubwa ni kuthibitisha kosa. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20 ya sheria za Tanzania, inampa hakimu mamlaka ya kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe aliyeumizwa, mbali na kifungo au faini. Nilipotoa ushahidi sikutaja hata shilingi. Mke wangu ndiye aliyetunza risiti zote kwenye mfuko wa rambo. Asubuhi ya hukumu nikampelekea mwendesha mashtaka, akaomba fidia kabla adhabu haijasomwa. Hakimu akaamuru nilipwe shilingi 1,200,000. Oda za makabati nilizopoteza hazikuhesabiwa, maana sikuwa na karatasi ya hata moja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Basi mdogo wako akisimama kutoa ushahidi, ataje katumia kiasi gani na kakosa kazi siku ngapi. Risiti zote, hata ya dawa ya maumivu, na nakala ya PF3 ziwe mkononi.

Fidia isipotosha, kuna kesi ya madai. Muda wake ni miaka 3, na inahesabiwa tangu siku ya tukio, si siku ya hukumu. Kesi za jinai huahirishwa mno, msikae mkisubiri. Kama hamna wakili, ulizieni wasaidizi wa kisheria wilayani kwenu. Na kama alipigwa akiwa kazini, mwajiri atoe taarifa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hilo ni dai jingine kabisa.

Familia ya mshtakiwa ikija na laki mbili na karatasi ya makubaliano ya kusaini, msiisaini kabla daktari hajasema taya la mdogo wako limeungaje.