Hesabu wiki tangu maua, si tangu tarehe

Kahawa yangu iko kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la kurithi, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, na kwa miaka mingi niliilima kwa kalenda niliyoachiwa na marehemu baba: vuli ikianza, mibuni huchanua kwa pamoja, na dawa ya chulebuni, ugonjwa wa ukungu unaoozesha matunda machanga ya kahawa, hupigwa katikati ya Novemba. Siku hizi kalenda hiyo inanidanganya, na hasara yake nimeionja.

Mbuni hauangalii tarehe. Vitumba vya maua hukua kidogo kisha hulala wakati wa kiangazi. Ukame ndio unaoviandaa, na mvua ya kwanza, hata ya milimita chache, ndiyo inayoviamsha, maua yakafunguka baada ya siku 8 hadi 12 hivi. Sasa hivi manyunyu huja mapema, vitumba vilivyokomaa vikachanua, jua kali likarudi kwa majuma kadhaa, kisha mvua nyingine ikaamsha kundi la pili na pengine la tatu. Joto likizidi wakati huo, baadhi ya maua hubaki madogo, magumu na ya kijani, nayo hayazai kitu.

Mwaka mmoja mibuni ya chini ilichanua mwanzoni mwa Septemba, nami nikasubiri Novemba yangu. Tunda changa hushambuliwa zaidi na chulebuni kati ya wiki ya 4 na ya 14 baada ya kuchanua, kwa hiyo dawa ilipofika, kundi la kwanza lilikuwa limekaa majuma mengi bila kinga, na nusu yake ilikuwa nyeusi.

Tangu hapo nina daftari na kopo lenye mdomo mpana, lililowekwa mahali pa wazi. Ninaandika siku ya mvua, kina cha maji, na siku ambayo kila sehemu ya shamba imechanua, maana mibuni ya chini, kwenye joto, hutangulia ile ya juu. Dawa naihesabu kutoka hapo, wala siipigi maua yakiwa wazi: arabika hujichavusha yenyewe, lakini nyuki huongeza mazao, na kuwaua ni kujihujumu. Kabla ya kiangazi hutandaza majani ya migomba shinani, na miringaringa ya kivuli siikati, ingawa wapo wanaonicheka kwamba nafuga msitu.

Mwenye mibuni chotara inayostahimili chulebuni ataokoa gharama za dawa, lakini suala la kuchuma halimwachi. Maua ya makundi matatu huleta matunda yanayoiva kwa nyakati tatu, na ni afadhali kuwalipa wachumaji kwa mizunguko zaidi kuliko kukwanyua tawi zima, mabichi na mabivu pamoja. Msimu uliopita nilichuma mizunguko saba. Baba alikuwa akimaliza kwa minne.