Umepata FJR1300 ya mtumba? Weka hela huku kwanza kabla ya ekzosi

Wakuu, vijana wengi wanaotoka kwenye pikipiki za cc 250 kuja kwenye mapikipiki ya safari ndefu swali lao la kwanza huwa "nifunge nini?", ekzosi, spika, taa za LED, kioo kirefu. Jibu langu ni lilelile, usifunge kitu. Miezi ya mwanzo kazi yako ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani, ukishamaliza hapo ndo tuongee mambo ya kuongeza. Naongelea Yamaha FJR1300 kwasababu ndo ninayoishi nayo hapa Dar, ila mwenye Honda Pan European au Kawasaki 1400GTR mengi yanamhusu, yote ni madude ya karibu kilo 300 yanayoendeshwa kwa shafti badala ya cheni.

Kwa ambaye hajanunua bado. FJR ilianza 2001, ikabadilishwa sana 2006, tena 2013 ndo ikaingia kruzi kontroo (inashika mwendo yenyewe), na 2016 ikapata gia ya 6, kabla ya hapo zote ni gia 5, kwa hiyo mtu akikuambia anauza ya 2010 gia sita we muage vizuri tu. Nenda kaiangalie asubuhi injini ikiwa ya baridi na mwambie muuzaji kabisa asiiwashe kabla hujafika. Ikiwaka sikiliza upande wa kulia wa injini, ukisikia kelele ya kukwaruza ya cheni ya ndani ya injini, ile ya taimingi inayoendesha valvu, na haikati haraka, kinachobana ile cheni kimechoka. Hicho kifaa chenyewe sio ghali kivile, ila kikiachia cheni ikaruka meno valvu zinagonga pistoni na hapo injini imeenda. Za 2006 mpaka 2009 fungua uangalie viungio vya waya za hasi na swichi ya funguo, kuna vinavyoungua na pikipiki inaanza kuzimika zimika ovyo, fundi asiyejua atakubadilishia betri tatu na tatizo liko palepale. Halafu namba ya chasisi ilingane na kadi, ushuru uwe umelipwa, hili sihitaji kulielezea sana.

Ukishaifikisha nyumbani mwaga vimiminika vyote. Usiulize aliyekuwa nayo alibadilisha lini, kila muuzaji alibadilisha "juzi tu". Oili ya injini ukibadilisha na filta inaingia kama lita 4, na hapa ndo wengi wanaharibu, wanaenda sheli wanachukua oili nzuri ya gari tena ya bei mbaya. Klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za gari zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze, unavuta mafuta injini inalia ila mwendo hauji. Angalia nyuma ya galoni, kama haijaandikwa JASO MA au MA2, yaani alama ya oili inayofaa klachi za hivi, rudisha. Ya 10W-40 inatosha kabisa.

Nyuma kwenye difu inaingia oili ya gia kidogo sana, kama mililita 200, yaani bei ya chipsi mayai, lakini utakuta pikipiki ina miaka kumi haijawahi kubadilishwa kwasababu watu wanaona haina cheni basi wanadhani haina kazi. Na ukitoa gurudumu la nyuma paka grisi meno ya shafti, usiruke hiyo.

Mafuta ya breki ni DOT 4 na yanavuta unyevu wa hewani, sasa fikiria mtu anakaa Kigamboni au Msasani, hiyo hewa ya bahari mwaka mzima. Badilisha kila miaka miwili hata kama yanaonekana masafi. Unyevu ukiingia yanachemka mapema, na hutagundua mjini, utagundua unashuka mlima Kitonga na abiria na mabegi, unabana breki inakwenda mpaka kwenye mshikio. Klachi nayo inatumia mafuta hayohayo ya DOT 4 kwenye kikopo chake upande wa kushoto na yanageuka meusi haraka kuliko ya breki, watu wanasahau wanakuja kushangaa gia zinakataa kuingia.

Valvu kiwanda kinasema zipimwe nafasi zake kama kila kilomita 40,000. Kwa huku ukiinunua na kilomita 60,000 na hakuna karatasi ya gereji, chukulia hazijapimwa. Kupima sio kurekebisha, mara nyingi unakuta ziko sawa unafunga unaendelea, ila ni kazi ya siku nzima ya kutoa makava na tenki, tafuta fundi aliyewahi kufungua injini ya silinda nne. Fundi wa bodaboda ni fundi mzuri na mi nawaheshimu, wengine wananishinda mbali, ila hii atakufungia boliti kwa hisia, na boliti za alminiamu hazitaki hisia. Nunua spana ya toki yako (inayopima nguvu ya kukaza) na upakue kitabu cha matengenezo, kaa na fundi mfanye wote.

Tairi sasa. Hapa ndo hela itatoka. Mbele ni 120/70 ZR17, nyuma 180/55 ZR17, na Kariakoo utazunguka sana kupata za maana, wengi tunaagiza Dubai au kwa mtu anayetoka Ulaya. Soma tarakimu nne pembeni ya tairi, ikiandikwa 2319 imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019, tairi inaweza kuwa na kashata zote na ikawa ngumu kama kisigino cha mkulima, kwenye mvua utaijua. Ya nyuma ukiwa mpole inaweza kukupa kilomita 10,000 mpaka 15,000, ukiwa na fujo sahau. Kwahiyo agiza kabla haijaisha, sio ikiisha, maana mzigo hausubiri safari yako. Upepo kitabu kinasema PSI 39 mbele na 42 nyuma, pima tairi ikiwa baridi na uwe na kipimo chako, vile vya sheli kila kimoja kina imani yake.

Hapo ndo uanze kuongeza vitu, na mi ningeanza na shokapu. Kwenye FJR nyingi nyuma kuna mkono wa kuhamisha kutoka laini kwenda ngumu, uweke ngumu kila ukibeba abiria, kwasababu chini imebaki nafasi ya kama sentimita 13 tu na matuta yetu ya Chalinze mpaka Morogoro yatakukwangua tumbo. Shokapu ya kiwandani ikishapita kilomita 50,000 imebaki springi tu inarukaruka, ukipata hela ya kubadilisha au kuifanyia sevisi badilisha, utahisi umenunua pikipiki nyingine. Na ukiwa umefungua huko nyuma paka grisi beringi za mikono inayoshika shokapu, nyingi zinakutwa kavu kabisa.

Baada ya hapo siti. Tenki ni lita 25, inakwenda karibu kilomita 400 bila kuongeza, kwa hiyo makalio yanaisha kabla ya mafuta. Fundi wa viti vya magari mzuri anaweza kukuwekea sponji ngumu kwa bei ya kawaida tu, mwambie asiinue sana kama miguu yako haifiki chini vizuri.

Usitoke mjini bila kifaa cha kuziba pancha za tairi zisizo na tyubu na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Ukipata msumari katikati ya Mikumi hutaki kuanza kusukuma kilo 290 na kuna nyani wanakuangalia.

Ekzosi? Haitakuongezea mwendo wowote wa maana, itakuongezea kelele kichwani masaa nane mpaka Iringa, na askari wa tochi atakusikia kabla hajakuona. Taa za ziada sawa ila pitisha kwenye rilei (swichi ya umeme) na fyuzi yake, usidonoe waya wa taa kubwa. Mishikio ya joto Dar utaonekana kichaa, ila pita Makambako kwenda Njombe asubuhi ya mwezi wa saba halafu uniambie.