Maswali yenu: Lucy namba 535 kwenye sanduku la baharia

SWALI: Shikamoo mzee wetu wa vitu vya kale. Mimi kijana wa Ngamiani hapahapa Tanga. Babu mzaa mama alikuwa baharia, katutoka mwaka jana, juzi ndo tumefungua sanduku lake tukakuta vitabu vya katuni vya Kizungu 7, vitatu vimeandikwa I Love Lucy vilivyobaki The Munsters. Kimoja cha Lucy ni namba 535, vingine namba ndogondogo, kwahiyo nahisi vingi vimepotea. Hicho cha 535 jalada limeachia, shangazi anataka atie selotepu. Halafu kuna jamaa kashakuja anasema anachukua vyote kwa elfu 30. Tuuze?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kabla ya yote nenda kamwambie shangazi, kwa heshima zote, aiweke chini hiyo selotepu. Gundi yake ikikaa miaka kadhaa inageuka manjano inaingia ndani ya karatasi na haitoki tena, na mtu anayejua hivi vitu akiona selotepu bei anaikata hapohapo. Jalada limeachia, basi liache hivyohivyo, lilaze juu ya kitabu chake na visitengane.

Sasa hiyo 535, wala hujapoteza vitabu 534! Kampuni ya Dell ya Marekani ilikuwa na mfululizo unaitwa Four Color, humo kila toleo wanaingiza mhusika tofauti, leo katuni ya wanyama kesho wachunga ng'ombe wenye bastola, na namba zinaendelea tu. Mwaka 1954 wakamjaribu Lucy, mhusika wa kipindi cha kuchekesha cha TV cha I Love Lucy, mara mbili, namba 535 na namba 559, watu walipompenda wakampa mfululizo wake mwenyewe, ukaanzia moja kwa moja namba 3 ukaenda mpaka namba 35 mwaka 1962. Kwahiyo babu yako alikuwa na ile ya kwanza kabisa, ambayo kila anayekusanya Lucy anaitafuta, na ndo hiyohiyo iliyokuwa inangoja selotepu. Kipindi chenyewe cha Lucille Ball na Desi Arnaz, ambao walikuwa mke na mume kweli, kilikuwa kwenye kituo cha TV cha CBS cha Marekani toka 1951 mpaka 1957, maana yake vitabu viliendelea kutoka miaka mitano baada ya kipindi kwisha, mimi hilo huwa linanigusa kila nikilifikiria.

The Munsters ni za kampuni nyingine, Gold Key, yako matoleo 16 tu ya 1965 mpaka 1968, na kwenye TV ile familia ya mazimwi wenye roho nzuri ilikaa misimu miwili basi. Ziangalie vizuri pale juu ya jalada, kama kuna muhuri mdogo wa bei ya peni za Kiingereza ujue kitabu kilipita Uingereza kwanza kabla ya kumfikia babu, maana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 50 komiki za Marekani zilizopelekwa kule zilikuwa zinagongwa muhuri namna hiyo. Usiufute. Huo ni ushahidi wa safari.

Elfu 30 usichukue. Sisemi huyo jamaa ni mwizi, ila anayekuja mbio kabla hata wenyewe hamjajua mna nini, ana haraka yake. Ingia eBay, soko la mtandaoni, uangalie bei ambazo vitabu hivi VIMESHAUZWA, sio bei watu wanazoomba, kuomba kila mtu anaomba. Hali ya kitabu ndo inaamua kila kitu. Wapo CGC wa Marekani, toka mwaka 2000 wanapima komiki kwa alama kuanzia 0.5 mpaka 10 halafu wanaifungia ndani ya plastiki ngumu, lakini kupima kunalipiwa kwa dola na kutuma pia, kwahiyo kwa kitabu kilichoachia jalada mimi nisingeharakia kwanza. Piga picha nzuri, mbele, nyuma, na ukurasa wa kwanza pale chini kwenye maandishi madogo yenye jina la kampuni na mwaka, maana hayo ndo yanayotenganisha cha zamani na kilichochapwa upya.

Kuhifadhi sasa, na hapa nisikilize kwa makini kwasababu tunaishi Tanga. Karatasi za komiki za zamani ni za bei rahisi, kama za gazeti, zina tindikali yake ya ndani na mwanga unazigeuza kahawia mpaka zinakatika kama chapati kavu. Ongeza chumvi ya bahari na unyevu wa masika, pini zinashika kutu, kutu inatoboa karatasi. Mimi mwaka mmoja niliweka zangu kwenye mfuko wa nailoni nikaufunga kabisa nikausukuma nyuma ya kabati, ukuta ule unalia maji mwezi wa 4 na wa 5, nilipokuja kufungua ukungu umeshatembea jalada mpaka jalada na nikalia kweli. Kila kitabu kikae peke yake kwenye mfuko wa Mylar, plastiki angavu ya poliesta, au plastiki nyingine isiyo na PVC, nyuma weka kadibodi isiyo na tindikali, kisimame wima ndani ya boksi, boksi liwe juu ya kabati mbali na ukuta wa nje. Vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya, vya kunyonya unyevu, usivitupe, tia humo na ubadilishe kila baada ya miezi michache. Na kila mwezi fungua uangalie, mende hawajui namba 535 ni nini.

Jambo la mwisho na kwangu ndo kubwa. Chukua daftari muulize bibi na wajomba babu alikuwa meli gani, alivipata bandari ipi, alikuwa anawasomea kina nani, uandike. Pale Washington kwenye makumbusho ya Smithsonian kuna kiti cha Archie Bunker, mhusika wa kipindi cha kuchekesha cha TV cha Marekani All in the Family, kipo toka 1978, na kilinunuliwa duka la mitumba! Kiti cha mtumba kama vinavyouzwa hapa Mgandini, kimekuwa hazina kwasababu watu wanajua kilikaliwa na nani na wapi.

SWALI: Mimi mama wa watoto watatu, Bagamoyo. Marehemu mume wangu alikuwa anarekodi michezo ya kuchekesha ya TV kwenye kanda za VHS, kundi la Kaole na wengineo, ziko kama 20. Deki imekufa. Watoto wanasema nitupe zinajaza nafasi.

JIBU: Mama, nakuomba sana usitupe hata moja. Vitabu vya Lucy vilichapwa vingi, hata hicho cha kijana wa Ngamiani wapo wengine duniani wanacho, lakini kanda aliyorekodi mzee nyumbani huenda ikawa ndo nakala pekee iliyobaki ya mchezo ule. BBC wenyewe, pamoja na ukubwa wote ule, walikuwa wanafuta kanda ili wazitumie tena kwasababu zilikuwa ghali, ndo maana vipindi vitatu vya Dad's Army, mchezo wao wa kuchekesha, vya mwaka 1969 havijulikani viko wapi mpaka leo, na viwili vingine vilionekana 2001 kwasababu tu kuna mtu alikuwa ameokota makopo ya filamu yaliyotupwa akayaweka nyumbani kwake.

Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na spika na TV. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, huo ni ukungu, usiiingize kwenye deki yoyote maana itaharibika kanda na deki na ukungu utahamia kwenye nyingine. Tafuta fundi mwenye deki nzima akuhamishie kwenye flashi, anza na zile zilizoandikwa tarehe kwa mkono wa mzee, na ukishahamisha kanda usitupe. Na kama humo yumo King Majuto, basi sisi wa Tanga utakuwa umetushika pabaya mama, yule alikuwa wetu na tumemzika huku huku mwaka 2018, niandikie tena tafadhali.

SWALI: Bro, nimeona mtu mtandaoni anauza boksi la chakula la bati la The Munsters la 1965, anasema orijino, halijawahi kutumika, ila hataki kutuma picha ya ndani. Nitume hela? (Raskazone)

JIBU: Usitume. Lile boksi lilikuja na chupa yake ya chai ndani, muombe picha ya chupa, ya bawaba na ya kutu kwenye pembe, maana bati la miaka 60 halikosi hata alama moja. Akikataa tena achana naye.