Lafudhi ya Kiha na ya Kinyamwezi: maswali ya wasomaji

Sisi ni Waha. Binti yetu anasoma Dar es Salaam na wenzake wanamwita Mrundi kwa jinsi anavyoongea. Anakosea wapi? (Mzazi, Kasulu)

Hakosei popote. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na mpaka wa kikoloni uliwakuta wasemaji wake wamekwisha kaa. Zote mbili zina toni: sauti ikipanda au kushuka, maana inaweza kubadilika. Kiswahili sanifu hakina toni. Mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto aliyekulia katika Kiha huingia kwenye Kiswahili na mwendo ule wa sauti, na asiyewahi kumsikia Muha hukimbilia jina analolijua. Lafudhi haimwambii mtu umezaliwa upande gani wa mpaka. Binti aseme wazi: mimi ni Muha wa Kasulu.

Nataka kusoma habari redioni. Naambiwa nasema “zamana” na “galama”. Nifanyeje? (Msomaji, Tabora mjini)

Hilo lishughulikie kweli, maana dhana si zana, na thamani si samani. Sauti th, dh na gh ziliingia na maneno ya Kiarabu. Th na dh hazimo katika Kinyamwezi, ndiyo maana ulimi huchukua za jirani: s na z.

Anza na th. Toa ncha ya ulimi kidogo kati ya meno ya juu na ya chini, pitisha hewa, vidole vikiwa kooni: koo lisitetemeke. Ulimi ukae hapohapo, sasa tia sauti mpaka koo litetemeke. Hiyo ni dh. Shika kioo. Ncha isipoonekana, umerudi kwenye z, na wengi hurudi huko wakianza kusoma kwa kasi. Kwa gh, inua shina la ulimi kama unayetaka kusema g, ila usiizibe hewa, iache ipite ikikwaruza.

Kisha jirekodi kwa simu: “Thamani ya samani hizi imepanda.” Mpe mwingine asikilize bila karatasi, aandike alichosikia. Akiandika “samani” mara mbili, bado. Dakika 10 kila siku zinafaa kuliko saa nzima Jumapili.

Kuna kosa la pili, na kwangu ni baya zaidi: kujirekebisha kupita kiasi hadi kusema “dhawadi” na “thamahani”. Kabla ya kwenda hewani, pigia mstari kila th, dh na gh kwenye taarifa yako. Kusipokuwa na mstari, ulimi ubaki ndani.

Kwenye usaili wa kazi, lafudhi itanifanya nionekane sikusoma? (Nzega)

Inaweza, na si haki. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake walichapisha jaribio la Montreal, Kanada: watu walewale walirekodiwa wakisoma kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, wasikilizaji wasijue. Sauti za Kiingereza zilionekana zenye akili zaidi, hata kwa wasikilizaji wa huko ambao lugha yao ni Kifaransa. Kilichopimwa ni sikio, si msemaji. Wewe punguza kasi na malizia maneno yako, lafudhi iache.

Mbona Kiswahili cha Ujiji si kama cha vijijini? (Kibirizi)

Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuta kituo cha misafara ya biashara. Watu wa pande zote za Ziwa Tanganyika, Wamanyema kutoka Kongo wakiwemo, walikifanya Kiswahili lugha ya nyumbani. Vijijini wengi hukutana nacho shuleni, baada ya Kiha.

Mwanafunzi akisoma “habali”, nimpunguzie alama? (Mwalimu, Urambo)

Katika kusoma kwa sauti, mwalimu, usimkatishe kama maana haijapotea. Katika imla sahihisha tahajia bila huruma, kwa sababu kura na kula, mahari na mahali, karamu na kalamu ni maneno tofauti. Yaandike ubaoni, tamka moja, watoto waonyeshe ni lipi. Asiyesikia tofauti hawezi kuitamka. Wakishasikia, wafundishe: kwa l, ncha ya ulimi hutulia kwenye ufizi na hewa hupita pembeni, kwa r hugonga na kuachia upesi.

Darasa lisimcheke. Mtoto akichekwa, hanyooshi tena mkono. Akikuambia “habali za asubuhi”, mjibu tu: “Habari za asubuhi ni nzuri,” kisha endelea na somo.