Ngano isiyotoka kwenye maganda: ni ya mafarao kweli?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa Makete, mkoani Njombe. Mjomba amerudi kutoka Ethiopia na kilo moja ya ngano ambayo hata ukiipura haiachi maganda. Aliyempa alisema inaitwa aja, na kwamba ndiyo ngano ya mafarao. Ni kweli? Na niipandeje?

JIBU: Marahaba. Hilo jina la aja linanipa moyo kuliko habari za mafarao. Ndivyo Waamhari wanavyoiita emeri, ngano ya kale ambayo baadhi ya wakulima wa nyanda za juu za Ethiopia hawajaacha kuilima. Wamisri wa kale waliila kweli, hata kwenye kaburi la Tutankhamun ilikutwa. Lakini ukisikia mtu anauza mbegu iliyochimbwa kaburini, funga pochi: punje iliyokaa huko maelfu ya miaka haioti.

Jina pekee halitoshi, tuiangalie yenyewe. Ngano ya kawaida ukiipura, punje hutoka uchi. Emeri ukiipiga, unaokatika ni uti wa suke, nawe unabaki na vifuko vigumu. Pasua vifuko kama 20 kwa kisu. Vingi vikiwa na punje mojamoja, hiyo ni ainkoni, ngano nyingine ya kale. Vikiwa na mbilimbili, ni emeri au spelti, ngano nyingine ya maganda, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Tazama kitako cha kifuko. Kwenye emeri, kipande cha uti hubaki kikichomoza chini kama mkia mfupi uliochongoka. Kwenye spelti, kipande hicho hulala ubavuni mwa kifuko, kikielekea juu. Alama hiyo naiamini kuliko rangi ya punje. Zilizo uchi zitenge; huenda ni ngano nyingine iliyochanganyika gunia moja.

Sasa, kabla haijagusa udongo: je, ilipita ukaguzi mpakani? Kama haikupita, ipeleke kwa watu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Najua inakera kwa kilo moja tu, lakini ugonjwa wa mbegu hauhitaji gunia.

Ikiruhusiwa, ipande na maganda yake. Nimewahi kukoboa mbegu kinuni kwa haraka zangu, zikaota za kuhesabu, maana mchi huumiza kiini. Kwanza funga vifuko 50 kwenye kitambaa kibichi kwa wiki moja uone vinavyoota. Kifuko kimoja kinaweza kutoa miche miwili. Shambani fukia kina cha sentimita 4 hivi, mistari iachane sentimita 20, mvua zikiwa zimeshika, kwa sababu ganda huchelewesha maji kufika kwenye punje. Urea usiiendekeze. Mabua yake ni marefu, yakishiba sana hulala chini. Samadi iliyooza inatosha.

Usidhani kwamba ya kale haiugui. Ni kweli Mmarekani Edgar McFadden alichukua ukinzani wa kutu ya shina (ugonjwa wa ukungu wa ngano) kwenye emeri iitwayo Yaroslav, akauhamishia kwenye ngano ya mkate na kupata aina ya Hope. Lakini hiyo ni emeri moja, si kila emeri, na kutu kali ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, iko ukanda wetu huu. Msimu huu panda kitalu tu, na nusu ya mbegu ibaki ndani. Ngano hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kuchanganyika na ile ya kawaida kutatokea zaidi kwenye turubai na magunia yako.

Ukivuna, hifadhi na maganda, koboa ya kula tu: nyunyizia maji kidogo, twanga, pepeta. Na kama kuna mtu nyumbani aliyekatazwa ngano kwa sababu ya gluteni, yaani protini ya ngano, hii nayo asile, maana inayo.