Je, kunyamaza kwangu ni kumkana Kristo?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama niliyeokoka, nafanya kazi ofisini na watu wa imani na misimamo tofauti. Siku hizi kila jambo limekuwa la vyama. Nikitaja tu kwamba ninasali, wenzangu wanaona wameshajua nampigia nani kura, na wengine wananikwepa. Nyumbani nako mdogo wangu ameacha kanisa, na kwenye kundi letu la familia la WhatsApp hutuma maneno ya kuwakejeli Wakristo. Nilimjibu kwa ukali mbele ya wote, na sasa hatusemezani. Tangu hapo nimeamua kukaa kimya kila mahali. Lakini Mathayo 10:33, Bwana anaposema atamkana yeye amkanaye mbele ya watu, inaninyima usingizi. Je, huku ni kumkana Bwana? Na je, nijitoe kwenye lile kundi?

JIBU: Amina, dada yangu. Andiko hilo ni zito, na sitalipunguzia uzito wake ili ulale vizuri. Tazama tu lilisemwa wakati gani. Bwana alikuwa anawatuma wanafunzi wake mahali ambako wangekamatwa na kupelekwa mbele ya maliwali na wafalme. Kumkana, hapo, ni kuulizwa kama wewe ni wake ukajibu kwamba humjui.

Waumini wa mwanzo waliishi na andiko hili hivyo hivyo. Mnamo mwaka 112 hivi, Pliny, liwali wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajan kueleza alivyowapima walioshtakiwa kuwa Wakristo na wakakataa kwamba ni Wakristo: waiombe miungu, waifukizie uvumba sanamu ya Kaisari, wamlaani Kristo. Alikuwa amesikia kwamba Mkristo wa kweli hawezi kulazimishwa kufanya hayo. Wakristo hao wa kweli walitii sheria na waliwaombea watawala, kama 1 Timotheo 2 inavyoagiza. Walipofika penye jina la Yesu hawakurudi nyuma. Basi kutojibu kejeli ya mtu kwenye simu si kumkana Kristo. Kukataa kusema unamuunga mkono nani katika siasa si kumkana Kristo. Ondoa mzigo huo, si wako.

Lakini kuna ukimya mwingine unaonitia wasiwasi, nao ni ule ulioingia baada ya ugomvi. Naomba usome tena Yohana 18, taratibu, mpaka mstari wa 27. Petro anachomoa upanga bustanini, anamkata sikio Malko, mtumwa wa kuhani mkuu. Saa chache baadaye anaota moto uani na kumkana Bwana mara tatu. Tumezoea kuhubiri matukio haya kila moja peke yake, upanga siku moja na jogoo siku nyingine. Yohana ameyaweka pamoja, tena ameongeza jambo ambalo wengi hulipita: aliyemuuliza Petro mara ya tatu alikuwa jamaa ya yule aliyekatwa sikio. “Je! Mimi sikukuona wewe bustanini pamoja naye?” Petro angewezaje kusema ndiyo? Kukiri kwamba ni mwanafunzi wa Yesu kungekuwa pia kukiri kwamba ndiye aliyemjeruhi ndugu wa mtu huyu. Upanga wake mwenyewe ulimfunga mdomo.

Hapo ndipo naona ulipo wewe. Hukunyamaza kwa sababu imani yako imepoa. Ulimkata mtu sikio, na sasa watu wa nyumba yake wanakutazama. Yanatupata wengi siku hizi: tunaitetea imani kwa maneno ya kudhalilisha, kisha tunashangaa kwa nini hatuna ujasiri wa kumtaja Yesu mbele ya watu wale wale. Na Bwana hakuusifu upanga ule. Aliamuru urudishwe alani, akaligusa sikio la Malko akaliponya.

Petro huyo huyo ndiye aliyekuja kuandika: “Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu.” Nikiukumbuka usiku wake ule, sehemu ya mwisho ya mstari huo inanigusa sana. Aliandika upole mtu aliyewahi kushika upanga.

Kuhusu wenzako wa ofisini kukuhesabu kuwa wa chama fulani, huwezi kuwazuia kwa maelezo. Yesu aliwaita pamoja Mathayo, mtoza ushuru aliyetumikia utawala, na Simoni aliyeitwa Zelote, jina la watu wenye bidii kali kwa ajili ya sheria na taifa lao. Aliwaweka meza moja, na hakuna Injili inayosimulia kwamba alimgeuza mmoja awe na siasa za mwenzake. Una haki ya kuwa na msimamo na kupiga kura. Ila jichunguze: je, upande unaoupenda umewahi kusikia kutoka kwako neno lisiloufurahisha? Yohana Mbatizaji alimwambia Herode “si halali”, na Nathani alimkemea vivyo hivyo Daudi, mfalme aliyempenda. Anapoonewa mnyonge, useme, hata kama mwonevu ni wa kwenu. Watu wakisikia hilo kwako mara moja au mbili, hawatajua tena wakupange wapi.

Mengine yote yataonekana kwa matendo. Mwaka 362 Kaisari Julian, ambaye aliiacha imani ya Kikristo na kutaka kurudisha ibada za miungu, alimwandikia kuhani wake mmoja akilalamika kwamba Wagalilaya, ndivyo alivyowaita, wanawalisha maskini wao na maskini wasio wao pia. Adui alikiri kwa wivu! Anayekuchukia ofisini akifiwa au akiuguliwa, uwe wa kwanza kwenda.

Sasa kundi. Usijitoe. Mpigie mdogo wako simu kwanza, mwombe radhi kwa ukali wako, bila kuongeza “lakini na wewe”. Kisha andika neno fupi la radhi pale pale kwenye kundi, kwa kuwa ulimvunjia heshima mbele ya wote. Usiombe radhi kwa kumwamini Yesu. Hilo halihitaji radhi. Akituma tena kejeli, huna deni la kujibu kila moja. Muulize siku moja, mkiwa wawili, ni nini kilimuumiza kanisani, kisha msikilize mpaka amalize, hata kama atawataja watu unaowaheshimu. Ikiwa alionewa, mwambie wazi kwamba alionewa. Na akikuuliza kwa nini wewe umebaki, hapo usinyamaze.